Birika la Twiga

Hapo kale wanyama walimchagua Twiga, asiyependa kuinama, awaletee maji. Twiga akajenga birika la mawe, refu hadi usawa wa kinywa chake, kisha akawaita wote waje washangilie.

Wote wakapiga makofi isipokuwa Kobe, mama mkaidi.

“Mbona hufurahi, Bi Kobe? Maendeleo haya huyaoni?” Twiga akauliza.

“Nayaona, Mheshimiwa. Ila kuyaona hakunikati kiu.”

“Basi jitahidi urefuke!”

Wanyama wengine wakacheka. Kobe akaenda nyuma ya birika, akaanza kuchimba chini ya ukuta. Kucha zikamkatika, akachimba. Wakamwita mchochezi, akachimba. Mwishowe jiwe moja likalegea, maji yakachuruzika yakafanya kidimbwi, na sungura, kanga na nguchiro wakajazana kunywa.

Twiga akaja mbio, amefura kwa hasira. “Nani ameharibu maendeleo yangu?”

Kobe akasogea pembeni ili Twiga aone vizuri. Katikati ya wale wadogo alikuwepo mtoto wa Twiga mwenyewe, ametanua miguu kwenye tope, anakunywa bila kupumua.

“Kumbe, Mheshimiwa,” Kobe akasema, “hata nyumbani kwako yalikuwa hayajafika.”