Subira ya Ndeshi

Kupitia kidude kilichopandikizwa nyuma ya sikio, kampuni ilivuta subira yote ya viongozi wa timu za mauzo na kuwagawia wauzaji waliofukuzwa milangoni. Aliyefukuzwa alimpigia kiongozi wake kwa kifaa cha kazini; ili pasiwe na upendeleo, kiongozi hakujua majina yao, na sauti zao zilibadilishwa.

Ndeshi alisifiwa kuliko viongozi wote. Nyumbani alifika mkavu, bila tone la subira. Binti yake, Anande, akianza kusimulia ya shuleni, Ndeshi alimkatiza: "Fupisha."

"Mama amechoka," baba alisema, miaka yote.

Alipomaliza shule, Anande aliomba kazi kwenye timu ya mama yake, bila mama kujua, kuuza majiko.

"Si ulitaka uuguzi?" baba aliuliza.

"Nataka kuongea naye, baba."

Siku ya kwanza hakubisha hodi kwa mtu. Aliketi juu ya boksi la jiko, akasema kwenye kifaa kwamba amefukuzwa.

"Pole, mwanangu," Ndeshi alijibu. "Nieleze yote. Nina muda."

Anande akaeleza, kuanzia darasa la kwanza.

Jioni, akimmiminia mama yake chai, alimsikia akimwambia baba, "Kuna muuzaji mpya leo amenimaliza. Anaongea kama mtoto asiye na mama."