Kasha la Bi Msimu

Kila nyumba iliruhusiwa makasha kumi ya kumbukumbu katika ghala la wingu, kasha moja kwa kila mtu ili nyumba ijue kumhudumia, na nyumba ya Rukia ilikuwa nayo kumi kamili. Mtoto alipozaliwa likafunguliwa la kumi na moja, na nyumba ikawa nzito. Mlango ulifikiri kwanza ndipo ufunguke, na jiko lilichelewa kuwaka.

Fundi Hatibu wa ghala alishauri kasha la Bi Msimu, marehemu mama yake Rukia, lifutwe. Rukia akakataa katakata.

"Basi tuyaunganishe, dada," fundi akasema. "Mtoto si somo wa bibi yake? Jina moja, kasha moja."

Tangu siku hiyo nyumba ikawa nyepesi kama unyoya. Mtoto alibembelezwa kwa sauti ya bibi yake mwenyewe, na Rukia hakuacha kumwombea fundi dua.

Kila asubuhi nyumba ilifungua mapazia. "Shikamoo, Bi Msimu," ilimwambia mtoto, kisha ikamtolea kidonge cha presha kwenye kisahani kando ya kitanda.

"Marahaba," Rukia aliitikia kwa niaba ya mwanawe, moyoni akishukuru. Ila siku hizi alikuwa akiwahi kukiondoa kile kidonge, maana mtoto alikuwa ameanza kushika vitu.