Unga wa Mgeni

Robi, tabibu wa viungo, alifika Kegonga kwa baiskeli, akachungulia jikoni kwa mgonjwa wake, nyanya mmoja. Meza aliyomtengenezea nyanya huyu ili asage wimbi akiwa wima ilikuwa imesukumwa ukutani. Nyanya mwenyewe, aliyevunjika pingili ya mgongo kwa kuinua debe la maji tu, alikuwa amepiga magoti, amejikunja juu ya jiwe la kusagia.

"Nyanya! Si tulikubaliana? Ukivunjika tena hutainuka!"

"Unga wangu nausagia mezani. Huu ni wa ugali wako. Mgeni hasagiwi na mtu aliyesimama."

Robi alivua viatu, akapiga magoti, akamnyang'anya jiwe.

Nyanya alimtazama akisaga.

"Nyoosha mgongo, mjukuu wangu. Kwani hukufundishwa?"