Amri ya Mwisho

Basi la Kisumu lilikuwa limeshapita Mukono, na Moreen bado anacheka peke yake.

"Binti, kicheko hicho nakijua," alisema Ajwang, mama wa mitumba aliyeketi ubavuni pake. "Umemfanya nini mtu?"

"Nimemwachia bosi wangu kitu."

Bosi huyo, Omolo, alikuwa na ofisi Nateete, jijini Kampala. Moreen alimwandikia programu ya kusoma picha za mapafu na kutambua kifua kikuu. Hospitali za misheni zilitaka kununua programu moja ya aina hiyo kwa vituo vyao vyote, na kesho yake makampuni matatu yangeonyesha kazi zao Lubaga. Ndipo Omolo akatangaza kwamba mwandishi wa programu ni mpwa wake, Travis. Moreen akabisha. Akafukuzwa mbele ya ofisi nzima.

"Waandishi wako tele, dada," Omolo alimwambia. "Hata pale steji ya bodaboda nitaokota mmoja."

Sasa Moreen alitaka jambo moja tu: na yeye Omolo aaibike mbele ya watu.

"Iko hivi, mama. Programu tunaiandika kwa maneno, halafu kompaila inaigeuza iwe lugha ya mashine. Unaiambia ijenge kwa chipu gani, yaani ubongo wa kompyuta ipi. Travis ameiambia chipu mpya kabisa, ile ya kompyuta ambayo Omolo ameiagiza Dubai kwa ajili ya kesho. Amejisifu mji mzima kwamba picha itasomwa kabla hujapepesa jicho. Mimi kabla sijatoka nikachomeka amri nyingine nyuma ya ile: jenga kwa chipu za kizamani. Kesho itajikokota kama kobe, masista wakitazama."

"Amri mbili zinazogombana, na hiyo kompaila isiseme kitu?"

"Haisemi. Inafuata ya mwisho."

"Basi hiyo ni mume wangu," Ajwang alisema. "Na huyo kijana hataona?"

"Ya kwake nimeiacha palepale. Akichungulia ataiona, ataridhika. Travis hajawahi kusoma mstari mpaka mwisho."

Wakacheka wote wawili mpaka kondakta akageuka.

Kesho yake, Lubaga, Omolo alikuja na suti mpya, kompyuta ya Dubai kaibeba mwenyewe kama mtoto mchanga. Sista Filda, msimamizi wa vituo, aliitazama akatikisa kichwa.

"Hiyo ni mzuri, ssebo, bwana wangu, lakini huko kwetu vijijini hakuna. Kila mtu ataweka programu yake kwa hii yetu."

Akasukuma mezani kompyuta kuukuu ya msaada, kibodi imefifia herufi.

Programu za makampuni mawili ya kwanza, zilizojengwa kwa chipu mpya, ziligoma hata kufunguka. Ya Omolo, iliyofuata amri ya mwisho, ilifunguka. Picha moja iliichukua muda wa mtu kumaliza chai yake, lakini iliisoma, na ikasoma sawasawa.

Omolo akapewa kazi, na baadaye alipoikuta ile amri ya Moreen akadhani ni wema. Makampuni yale mawili yalifunga ofisi mwaka uleule. Travis ni meneja. Ajwang bado anauza mitumba. Omolo amejenga nyumba Mbuya, kwa matajiri, na kila Jumapili anasimama kanisani kumwombea kwa jina yule binti aliyemfukuza, naye akamlipa mema kwa mabaya. Moreen yuko Kisumu. Simu za shukrani hapokei.