Kitunguu Ghorofa ya Sita

Mwajabu alirudi kutoka kazini amechoka, hata kuvua viatu kulimshinda. Nyumba aliyopangiwa ilijengwa kwa ajili ya wakimbiaji wa michezo mikubwa, na kwa kuwa wakimbiaji hawakupikiwa vyumbani, haikuwa na jiko. Michezo iliisha, wageni wakaenda zao, sheria ikabaki: anayeishi Kijiji cha Wanamichezo anakula bwaloni, wala haruhusiwi kupika ndani. Miaka yote hiyo Mwajabu alikula kuku wa kuchemsha asiye na chumvi, kama mtu anayejiandaa kwa mbio ambazo siku yake haifiki.

Jioni hiyo uvumilivu ulimwishia. Aliigeuza pasi ya umeme, akaibana katikati ya matofali mawili, akabandika kisufuria juu yake. Akatia mafuta, kisha kitunguu alichokuja nacho kutoka sokoni amekificha kwenye pindo la kanga. Kilipoanza kubadilika rangi, harufu ilimrudisha jikoni kwa mama yake, akajikuta analia huku anakoroga.

Tunu, bintiye wa miaka saba, mzaliwa wa humo humo, alitokea chumbani ameziba pua.

"Mama, ni nini hicho?"

"Njoo uonje, mwanangu. Bibi yako alikuwa anatupikia hivi."

Mtoto hakusogea. Aliyaona machozi ya mama yake, akakimbilia ukutani na kubonyeza kitufe chekundu cha kuita zimamoto, kama walivyofundishwa shuleni. King'ora kikalia ghorofa zote.

Kisha akamshika mama yake mkono, akamvuta taratibu kuelekea mlangoni.

"Usilie, mama," alisema. "Wanakuja sasa hivi kuizima hiyo harufu."