Fuko Aliyeziba Mlango

Mafuko hawapendi kusimulia habari hii, lakini huisimulia. Ndugu yao mmoja aliamini Mungu anamwita kutoka chini ya ardhi. Kila alipochimba alisikia mkwaruzo, na kila alipotuliza makucha, mkwaruzo nao ulinyamaza.

"Ananipima subira," alijiambia, akazidi kwenda chini.

Mama yake akamsihi, "Mwanangu, toka basi tule pamoja."

"Niache kwanza, mama. Nikimpata anayeniita ndipo nitajua mimi ni nani."

Akaziba mlango kwa udongo, kama mafuko wote wafanyavyo, ili kelele za dunia zisimsumbue.

Siku moja akiwa amepumzika, alisikia mkwaruzo hafifu kutoka juu. "Hicho ni kishawishi tu," akasema, akaupa mgongo, akachimba mpaka akagonga mwamba. Hapakuwa na pa kwenda tena. Akaukwaruza mwamba kidogo, na hapo akaitambua sauti aliyoiandama maisha yake yote. Ilikuwa ya makucha yake mwenyewe.

Basi ule mkwaruzo wa juu ulikuwa wa nani?

Akapanda mbio, akatokea kando ya mlango. Alimkuta Jongoo, jirani yao.

"Mama yuko wapi?"

"Tumemzika jana, baba. Alishinda hapa akikwaruza, akikuita. Hakuwa na nguvu za kubomoa."

Fuko akapapasa udongo wa mlango, akagusa alama za makucha. Akaweka yake mle mle, akakwaruza taratibu, kisha akatulia kusikiliza.