Vikapu Viwili vya Kome

Alfajiri hiyo Nolasco alikuwa mtoni hadi kiunoni, meno yakimgongana kwa baridi ya Julai, akifungua kikapu cha kome, wale chaza wa mtoni, chini ya shamba la samaki. Mahali pake akafunga kikapu kingine, alichokichukua muda huo huo kwenye kijito cha nyuma ya nyumba yake. Hiki cha hapa atakipeleka kijitoni.

"Mwizi mkubwa we!" alinong'ona. Hakujisema yeye.

Alimsema Ignacia, mtafiti kutoka mjini. Alikuja bondeni na maneno matamu: kome hunywa mto kutwa kucha, wapasue utajua kama maji yana vijidudu vilivyoishinda dawa. Akaning'iniza kikapu kimoja chini ya shamba la samaki na kimoja kijitoni kwa akina Nolasco, ili alinganishe. Vyote alivisuka Eduvina, mke wa Nolasco, vikafanana kama pacha.

Haya, na jana je? Nolasco akiwa mlimani alimwona Ignacia kwenye boti na meneja wa shamba la samaki, wanacheka, vikapu viwili miguuni. Walivitoa vyote majini kwa ajili gani, kama si kuvibadilisha? Wanamwona mjinga! Basi yeye anavirudisha, kila kikapu mahali pake.

Hakuwa na mzaha na jambo hilo. Binti yake Yasna alijikata mguu kwa seng'enge, na kidonda kilikataa kila dawa. Daktari alishasema kisipopona mguu utakatwa. Na nani humwaga dawa za samaki mtoni, kama si wale wa shamba la samaki?

Alipokwisha alipitia bandani, ambako samadi huteremkia kijitoni, akawamwagia nguruwe maganda ya viazi na vidonge vya Yasna vilivyobaki, kama wafanyavyo wote bondeni. Nguruwe wa Nolasco hawajui kikohozi.

Asubuhi hiyo hiyo Ignacia akavichukua vikapu.

Majibu yalipofika, watu walijaa jikoni kwa Nolasco, kibuyu cha chai ya mate kikizunguka mkono kwa mkono.

"Kikapu cha chini ya shamba la samaki kinatisha," alisema Ignacia. "Vijidudu vyake haviogopi dawa yoyote. Lakini kijito chenu, Mzee Nolasco, ni safi."

"Si nilisema mimi?" Nolasco alipiga meza. Majirani wakashangilia, wakaapa kwenda kulifunga lango la shamba la samaki siku hiyo hiyo. Meneja atakoma!

Walipotoka, Nolasco alisogelea jiko la kuni, alipokaa Eduvina na Yasna. Furaha ilimjaa, siri ikamshinda.

"Mama Yasna, bila mimi tungeliwa wazima wazima. Yule binti wa mjini na meneja walivibadilisha vikapu. Niliwaona kwenye boti, nikaenda kuvirudisha."

"Vikapu gani hivyo?"

"Vya kome! Niliwaona siku moja kabla hajavichukua."

Eduvina akacheka mpaka akashika mbavu.

"Jamani, mume wangu! Vile vilikuwa vya viazi. Nilimpa mimi zawadi, kwa wema wake kwa mtoto, na meneja akampa lifti tu. Kome hawakuguswa na mtu."

Nolasco aligeukia dirisha, akatazama banda la nguruwe juu ya kijito.

"Lete mguu, mwanangu," alisema Eduvina, akafungua bandeji na kuinua jagi la maji ya kijito. "Umemsikia Ignacia mwenyewe, maji yetu ni safi."